Mwenye nyumba amekufa: kisa cha eda moja Mkomani

Kijana wa kuandikisha watu bima ya afya alikaa kwenye baraza ya daka, ukumbi wa nje mbele ya mlango, simu mkononi, akauliza maswali yake kwa adabu. Jina la mama. Umri. Mwalala watu wangapi humu. Kisha akauliza, "Na mwenye nyumba ni nani?"

Kutoka nyuma ya pazia la tekani, pa kuingilia ndani ya mlango, mama akajibu, "Mwenye nyumba mekufa."

Kijana akasema Mungu amrehemu, akabonyeza anapobonyeza, akaaga, akaenda nyumba ya pili. Nami nilikuwa nimekaa na mama palepale tekani, mkeka mmoja, na sikuona lolote la ajabu katika jibu lile. Ilinichukua wiki tatu kufahamu kwamba halikuwa kweli.

Hiki ni kisa nilichokifuata kwa miezi 11, nikiwa msaidizi wa sheria wa kujitolea hapa Lamu. Mwenyewe amenipa ruhusa ya kukiandika. Majina yote nimeyaacha, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha nimeyageuza. Nitamwita Mwenye Nyumba, kwa kuwa kisa chote kimo ndani ya neno hilo.

Nyumba na watu wake

Mwenye Nyumba ana miaka 67. Amezaliwa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji, kwenye mitaa ya nyumba za mawe, na humohumo akaolewa mwaka 1976. Mumewe alikuwa baharia wa majahazi, akafanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi, akarudi Lamu alipostaafu. Walijaliwa watoto 3: kijana mkubwa anayeuza vipuri vya magari Mombasa, wa pili aliye Saudia, na binti, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeachika akarudi kwa mamake pamoja na mwanawe wa kike wa miaka 17.

Nyumba yenyewe ni ya matumbawe na chokaa, dari zake za boriti za mikoko. Ukitoka njiani unapanda daka, unaingia tekani, unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani, penye mwanga. Kutoka hapo vyumba vinafuatana, kila kimoja na kiza chake zaidi ya kilichotangulia: msana wa tini, msana wa yuu, halafu chumba kiitwacho ndani, penye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa, na nyuma yake nyumba ya kati. Mgeni huishia mbele. Kadiri unavyoingia ndivyo unavyowakaribia wanawake wa nyumba. Juu kuna wikio, chumba kilichovuka uchochoro kikaungana na nyumba ya jirani, ambayo zamani ilikuwa ya dada yake Mwenye Nyumba.

Wikio lile lingepaswa kunishtua mapema. Watu wa nyumba za mawe walikuwa na desturi kwamba binti akikaribia kuolewa, baba humtengenezea pa kukaa. Mwenye uwezo hujenga, mwingine huongeza ghorofa juu ya nyumba yake, mwingine humega sehemu. Mume ndiye anayehamia kwa mke. Dada wawili wakijengewa kukabiliana, wikio huwaunganisha wapate kutembeleana bila kushuka njiani. Kwa hiyo ukiona wikio, uliza kwanza ni akina dada gani walioishi hapo. Mimi nimezaliwa Langoni, kwenye nyumba ya makuti, na desturi hiyo niliijua kwa kuisikia tu. Sikuuliza.

Eda iliyobaki na makatazo peke yake

Dini imempangia mjane miezi 4 na siku 10, na mwenye mimba hadi ajifungue. Katika muda huo hukaa nyumbani, haolewi wala haposwi waziwazi, na hajipambi: hapana hina, wanja, manukato, dhahabu wala nguo za kujirembesha. Kutoka mchana kwa haja ya lazima kumeruhusiwa katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata hapa.

Mwenye Nyumba alikutana na mengine zaidi. Wifi yake, kwa nia njema kabisa, alimwambia asishike sindano, maana kazi ni ya watu wasio na msiba. Kioo cha msanani kikafunikwa kwa kanga. Simu ya mwanamume asipokee isipokuwa ya wanawe, hata awe ni fundi wa mfereji. Jamaa walijaa hadi siku ya tatu, wakapungua, wakajaa tena arobaini kwa khitima, wakaisha. Tangu hapo, binti akishatoka saa moja asubuhi kwenda shule na mjukuu akamfuata, Mwenye Nyumba alibaki ndani peke yake hadi alasiri, mikono mitupu.

Nilimwuliza eda ya mamake ilikuwaje. Uso ulimchangamka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mamake alipofiwa, somo yake, yule aliyemfunda alipokuwa mwari, alihamia na mkoba wake akalala naye muda wote. Wanawake wa mtaa walikuja kwa zamu ambazo hakuna aliyeziandika. Walimsomea Kurani, walimchana nywele, walimkumbusha habari za marehemu na za kabla ya marehemu: nani alimposa mwanzo, mahari yalikuwa nini, mzee wake alisema neno gani. "Hata kucheka walicheka," akaniambia. Mjane alikuwa akisimuliwa maisha yake tangu mwanzo na watu waliokuwapo.

Hapa ndipo ninapoona shina la kisa hiki. Eda ilikuwa na makatazo, na ilikuwa na wenzi. Makatazo yamebaki, tena yameongezwa. Wenzi wako Mombasa, wako kazini, wamekufa, au wanatuma rambirambi kwa simu. Mwanamke anayevuka kutoka kuwa mke wa mtu kwenda ujane anahitaji karibu yake waliojua alikuwa nani kabla hajawa mke. Akiwakosa, anabaki na cheo kimoja tu, nacho ndicho kilichokufa.

Baraza la arobaini

Baada ya khitima wanaume walibaki dakani. Ami wa watoto, ndugu wa marehemu, ndiye aliyefungua maneno. Nyumba ni kubwa, akasema, chokaa inamomonyoka, wikio lina ufa unaoingia kidole, boriti nne za msanani zimeliwa na mchwa, na mama atakaa na nani? Dalali amekuja na mnunuzi wa ng'ambo anayetaka nyumba ya mawe ya kufikishia wageni. Iuzwe, fedha zigawanywe kama mirathi, mama akakae na mwanawe mkubwa Mombasa. Wa Saudia alisikilizwa kwa simu, akasema yeye hana neno.

Hakuna aliyekuwa mwizi katika baraza ile, na ningependa msomaji ashike hilo. Ami alimwonea shemeji yake huruma ya kweli. Kijana mkubwa alikuwa na deni la shehena ya vipuri lililokuwa likimnyima usingizi, lakini chumba cha mamake Mombasa alikwisha kukipaka rangi.

Mama alisikia yote kutoka nyuma ya pazia. Binti alipoingia kumwuliza yeye aonaje, alijibu, "Amueni wenyewe. Mimi ni mtu wa eda."

Ndipo binti akanitafuta, akitaka nimweleze fungu lake. Nami nikafanya kosa. Nilifungua daftari nikapiga hesabu. Mke mwenye watoto ana thumni, sehemu 1 ya 8. Inayobaki ni ya watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Yakatoka mafungu 40: mama 5, kila kijana 14, binti 7. Ami hana kitu, kwa kuwa watoto wa kiume wamemzuia. Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini mirathi hugawa mali ya marehemu, na swali la kwanza, nyumba ilikuwa ya nani, sikuwa nimeliuliza. Wiki iliyofuata nikasikia kijana wa bima akiuliza mwenye nyumba ni nani, nikasikia na jibu, na bado masikio yangu hayakuzibuka. Nilikuwa nimekuta mwanamume aliyekufa na nyumba, nikaviunganisha.

Sindano

Kwa maalim nilikwenda kwa sababu ya sindano tu. Ilinisumbua kumwona mama yule amekaa na mikono yake mapajani kama vitu vya kuazima. Maalim akaniuliza, "Nani aliyekataza?" Akasema kushona si kujipamba, mwacheni ashone.

Mwenye Nyumba hushona kofia za vito. Kofia moja ni kazi ya miezi: kitambaa cheupe, nakshi iliyochorwa kwa penseli, na kila kijitundu cha nakshi hutobolewa kikazungushiwa uzi, pindo juu ya pindo, hadi kisimame kama jicho. Msiba ulimkuta kati ya kofia mbili. Binti alipomletea mfuko, aliitoa ya kwanza akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya vito alivyokwisha kuvishona, pole pole, akatafuta mahali uzi ulipokatikia. Alipopaona alilamba ncha ya uzi, akatunga sindano mara moja bila miwani. Hakuniangalia tena kwa nusu saa. Kisha akaanza kusema, mato yake yakiwa kwenye kazi.

Alisema juu ya zidaka. Mwaka ule alioolewa, babake alipanda ngazi mwenyewe akazipaka chokaa mpya, fundi amesimama tini akimpa ndoo, kwa sababu mzee hakuridhika na mkono wa fundi penye pembe. Na alfajiri ya siku ya harusi alimwita yeye peke yake, akamtia ufunguo wa mlango mkubwa kiganjani, akamfunga vidole.

"Ufunguo alikupa wewe, au alimpa bwana harusi?"

"Mimi. Nyumba hini nalipowa ni baba."

Nyumba hii alipewa na babake, na alilisema kama mtu anayesema leo ni Ijumaa. Nikamwuliza mbona basi alimwambia yule kijana mwenye nyumba amekufa. Sindano ilipita mara tatu kabla hajajibu.

"Lakini mwanamume ndiye mwenye nyumba. Kwenu mwamwitaje?"

Neno la heshima

Wanawake wengi wa rika lake hawamtaji mume kwa jina. Ni baba fulani, ni mwenyewe, ni mwenye nyumba. Hodi ikipigwa, "mwenye nyumba katoka," basi. Mwenye Nyumba alimwita mumewe hivyo karibu miaka 50, akiwa amekaa kwenye nyumba yake mwenyewe, na neno hilo halikumpunguzia kitu kwa sababu mtaa mzima ulijua. Hakuna jirani aliyelisikia akadhani nyumba imetoka mikononi mwa binti wa mzee fulani. Heshima ilikuwa kwenye neno, ukweli ulikuwa kwa watu, na viwili hivyo havikuwahi kugombana.

Watu walipoondoka neno likabaki peke yake. Wanawe walikua wakilisikia wakalichukua lilivyo. Na mama mwenyewe, wiki baada ya wiki ndani akiwa hana wa kuzungumza naye, alianza kulichukua lilivyo. Hakudanganywa na mtu. Alijitoa kwenye nyumba yake kwa ulimi wake, kwa neno alilokuwa akimpa mumewe kama tunu.

Mume alipokuwa hai hapakuwa na mtu aliyehitaji kujua nyumba ni ya nani. Kifo ndicho kilicholeta kalamu: bima, mirathi, dalali, kila mmoja anataka jina moja kwenye mstari mmoja. Mila iliyokuwa ikikaa vinywani mwa watu ikaulizwa kwa ghafla, na aliyeulizwa ni mtu aliyekuwa dhaifu kuliko wote siku hiyo.

Jambo hili linaniuma zaidi kwa kuwa mji wetu unasifiwa kwa kuhifadhi turathi. Mji Mkongwe wa Lamu, hekta 15.6, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Mnunuzi yule alitaka kuvunja ukuta kati ya ndani na nyumba ya kati apate vyoo, na kuchimba bwawa dogo kiwandani. Hayo yangempeleka kuomba kibali, na sidhani angepewa. Lakini nyumba kutoka kwa mwanamke aliyejengewa kwenda kwa mtu asiyejua chokaa ya zidaka ni mkono wa nani, hilo halimo katika orodha yoyote. Kuta zingesalimika zote, na binti ya mwenye kuzipaka angekuwa Mombasa kwenye chumba kilichopakwa rangi vizuri.

Waliokuwapo

Alichofanya baba, kwa sheria ya Kiislamu, ni hiba. Hiba hutimia mtoaji akitoa, mpewaji akipokea, na mali ikikabidhiwa. Ufunguo ni makabidhiano. Kilichobaki ni nani aliyeona, kwa kuwa karatasi ya umiliki haikuwahi kubadilishwa tangu enzi za babu.

Somo wa Mwenye Nyumba yu hai. Ana miaka 84, anaishi kwa mjukuu wake mtaa wa pili, macho yamefifia. Tangu siku ya tatu ya msiba hakuna aliyemleta, kwa sababu ya ngazi za daka. Tukampeleka kwa kiti, vijana wawili wakimbeba, na kuanzia hapo akaja siku mbili kila wiki hadi eda ikaisha. Alimwita mwanamke yule wa miaka 67 "mwari wangu". Sikumhoji. Niliwaacha wazungumze nikawa nasikiliza, na siku ya pili alitaja ufunguo mwenyewe: alikuwa amesimama na chetezo akimngoja mwari atoke, akamwona baba akimfunga vidole. Akaongeza na jambo ambalo mwari wake hakulijua kwa kuwa alikuwa amefungiwa ndani saa hiyo. Bwana harusi alipofika mlangoni, baba alimwambia mbele ya watu, "Karibu nyumbani kwa mkeo."

Ilikuweko na karatasi. Katika sanduku la msahafu mlikuwa na orodha ya vitu vya harusi, mkono wa mamake, Kiswahili kwa hati za Kiarabu: vitanda, mito, masinia, chetezo, vikuku, na mstari wa mwisho, ufunguo. Wanawe wasingeweza kuisoma. Yeye aliisoma bila kusita, kama alivyofundishwa chuoni utotoni, na mjukuu wake wa miaka 17 alisogea karibu akaangalia kidole cha bibi kikienda kutoka kulia. Niliwaambia wasiitegemee sana, kwa kuwa inataja ufunguo bila kutaja nyumba. Faida yake ilikuwa nyingine. Baada ya siku ile mjukuu alianza kumwuliza bibi majina ya vitu na kuyaandika kwenye simu yake. Amelala nyumba ile miaka 6 na hakujua kwamba mahali anapovulia viatu paitwa tekani.

Niliulizwa kama neno la vikongwe wawili lingesimama mbele ya kadhi. Sheria ya Mahakama za Kadhi, kifungu cha 6, inafuata kanuni za ushahidi za Kiislamu, ila inataka kila shahidi asikilizwe bila kubaguliwa kwa dini wala jinsia. Nilikuwa tayari kumpeleka. Haikufika huko.

Sanduku

Eda ilikwisha siku ya Jumatano. Wanawake walimwogesha, wakamfukiza udi, wakamvisha nguo ya rangi, na kanga ya kwenye kioo aliivuta mwenyewe. Ijumaa baada ya sala wanaume wakaitwa tena dakani, na safari hii pazia likafunguliwa. Somo akasema aliyoyaona.

Ami alinyamaza kwa muda mrefu. Mwaka 1976 alikuwa mtoto wa miaka 12. Nilidhani atabisha. Akasema, "Kaka alikuja nyumba hini na sanduku moja. Nimelibeba mimi. Lilikuwa la bati, likinikata hapa," akashika bega. Kisha akawageukia watoto wa nduguye. "Basi hapa hapana mirathi ya nyumba."

Alikuwa shahidi tangu mwanzo na hakujijua. Mtu habebi sanduku la kakake kwenda nyumbani kwa kakake; alilibeba kumpeleka kwa mkewe. Kumbukumbu ilikuwa naye muda wote, ila hakuna aliyekuwa amemwuliza swali la kuitoa.

Mali halisi ya marehemu, salio la akiba na hisa katika mashua moja, iligawanywa kwa mafungu yaleyale 40 na ikamalizika kwa saa moja.

Kijana mkubwa hakuridhika, na malalamiko yake yalistahili kusikilizwa. Yeye na ndugu yake wametuma fedha miaka 15: mfereji, umeme, saruji ya kule kiwandani. (Saruji, kwa bahati mbaya, ukuta wa matumbawe unataka chokaa inayopumua, na unyevu ulionaswa na saruji ndio uliomenya upande wa mashariki.) Akasema: sasa nyumba ni ya mama, kesho itakuwa ya dada kwa mila, sisi tumejenga nini? Kwa sheria, walichotoa bila mapatano ni hisani kwa mama yao. Niliwaambia hivyo, lakini niliomba kila kitu kiandikwe, tarehe na kiasi, na mama akatia saini kwamba amepokea na anashukuru. Mtu aliyejenga na asiandikwe anaumia vilevile.

Na swali lake lina uzito wa dini. Iko hadithi ya Nu'man bin Bashir, kwamba babake alimpa yeye zawadi, na Mtume akakataa kuishuhudia kwa kuwa watoto wengine hawakupewa mfano wake. Wanavyuoni wa Shafi wanasema kusawazisha ni jambo linalopendeza, na kupendelea bila sababu ni makruhu. Wazee wa Mkomani waliompa binti nyumba walikuwa wakiijua hadithi hiyo. Nionavyo mimi, walikuwa wakitazama mzani wote: kijana anarithi mara mbili na ana bahari mbele yake, binti akiachwa au akifiwa hana pa kurudi. Nyumba ilikuwa pa kurudi. Binti huyu mwalimu ni ushahidi ulio hai, maana alipoachika alirudi wapi?

Kwa hiyo nilimshauri Mwenye Nyumba amwandikie binti yake hiba mapema, au aifanye nyumba wakfu kwa kizazi chake cha kike isiuzike milele. Alikataa yote mawili. Wakfu alisema ameuona: nyumba ya jirani ni ya wakfu, wenye haki wako zaidi ya 30, na hakuna anayetoa fedha ya chokaa kwa sababu si ya mtu. Hilo siwezi kulipinga. Naliona kila ninapopita. Na juu ya hiba alisema, mbele yao wote, "Mimi ni hai bado. Nikifa mutarithi kama Mngu alivyopanga. Nikiwa hai nyumba ni yangu, na nyote mwakaribishwa."

Niliondoka nikiwa na wasiwasi juu ya binti, na wasiwasi huo ningali nao. Lakini nimeacha kumsukuma. Mwanamke aliyesema mwenye nyumba amekufa, akisema mimi ni hai bado, sioni ni kwa haki gani nimharakishe kugawa.

Vyumba vya upande wa wikio sasa amewapangisha walimu wawili wa kike, na kodi inaingia kwenye bati la biskuti anakoweka fedha za ukarabati. Kofia ya kwanza ilikwisha mwezi wa saba. Kijana mkubwa hakuja Maulidi wala Idi. Mwezi uliopita punda wawili walisimama mbele ya daka wamebeba boriti nne mpya za mikoko, zimelipiwa Mombasa, bila barua na bila simu. Fundi yuko tayari kuzipandisha. Mwenye Nyumba amezilaza tekani, amezifunika kwa turubai, na kila fundi akipita kuuliza anamwambia asubiri, mwenye kuzileta hajaja kuzishika upande wa pili.